Ruzuku ya mbolea: anayefaidi ni mwenye hela mwezi wa kumi na moja

Mkulima wa Mlowo (mleta uzi)

Wakuu salaam.

Kila msimu ukikaribia nyuzi za ruzuku zinajaa humu, na karibu zote zinabishania mfumo. Kuna wanaotaka vocha za karatasi zirudi, kuna wanaoapa kwa mfumo wa kidijitali, na kuna wanaotaka serikali ijitoe kabisa bei ijitafute sokoni. Mimi ni wa Mbozi. Nimelima mahindi na kahawa kabla ya vocha, wakati wa vocha, na sasa kwenye zama za namba ya siri. Mifumo imepita mingi lakini wanaofaidi ni walewale, na mimi naona kinachowabeba ni kalenda. Vumilieni, uzi ni mrefu.

Nianze na vocha, maana vijana wengi humu wanazisikia tu. Mpango ulianza kwa nguvu msimu wa 2008/09, baada ya bei ya chakula na mbolea kupaa dunia nzima. Mwaka 2009 Benki ya Dunia ikatia mkopo wa dola milioni 160. Kaya iliyopitishwa ilipewa vocha tatu za kutosha ekari moja: ya kupandia (mfuko mmoja wa DAP, au miwili ya Minjingu), ya kukuzia (mfuko wa Urea) na ya mbegu, kilo 10 za mahindi. Serikali inabeba kama nusu ya bei, nusu unamalizia mwenyewe. Unapata miaka mitatu, halafu unatarajiwa kusimama kwa miguu yako.

Masharti yalikuwa haya: usilime zaidi ya hekta moja ya mahindi au mpunga, uwe mkazi wa kijiji, na uwe na uwezo wa kulipa hiyo nusu yako. Kaya zinazoongozwa na wanawake zitangulie.

Rudieni hapo kwenye uwezo wa kulipa. Mtu awe maskini kiasi cha kustahili msaada, na papo hapo awe na hela mfukoni mvua inapoanza. Watu wa namna hiyo kijijini wapo, ila ni wachache, na wengi wao wana undugu na mwenyekiti.

Majina yalipitishwa na kamati ya vocha ya kijiji, wanaume watatu na wanawake watatu, waliochaguliwa kwenye mkutano mkuu. Kwenye karatasi ni safi kabisa. Utafiti uliofanywa Kilimanjaro na kuchapishwa mwaka 2012 ulikuta karibu asilimia 60 ya vocha ziliangukia kaya za viongozi wa vijiji. Takwimu hiyo huwa inasomwa kama habari ya wizi. Wizi ulikuwepo, sibishi. Lakini tujiulize pia: mwezi wa kumi na moja, kijijini, nani mwingine alikuwa na hela ya kumalizia nusu?

Niwaeleze nilichokiona kwa macho. Siku ya kugawa vocha ofisi ya mtendaji inajaa tangu asubuhi. Meza moja, daftari la majina, kidau cha wino kwa wasioandika. Pembeni chini ya mwembe amekaa kijana wa wakala, yaani muuzaji wa pembejeo, ana mkoba wa ngozi wa bandia na kidau chake mwenyewe. Mama anatoka ofisini na vocha tatu mkononi, wino haujakauka kidoleni. Kijana anamwita kwa heshima, "Shikamoo mama, hela ya kuongezea unayo?" Hana. "Basi weka dole hapa nyuma, kwamba umepokea." Anaweka dole mara tatu, anapokea noti mbili, anakwenda. Karatasi zile zinapelekwa benki, NMB, na zinalipwa kana kwamba mfuko umefika shambani. Hakuna mfuko uliotoka ghalani, na huyo mama hajaibiwa kwa nguvu. Ameuza. Ameuza kwa sababu vocha ya nusu bei kwa mtu asiye na nusu nyingine ni karatasi tu.

Sasa tuje kwenye huu wa sasa. Nanenane ya 2022, pale viwanja vya John Mwakangale Mbeya, Rais Samia akazindua ruzuku mpya. Vita ya Ukraine ilikuwa imepeleka DAP kwenye sh 131,000 na zaidi kwa mfuko wa kilo 50, Urea 124,000 na ushee. Serikali ikatenga bilioni 150, DAP na Urea zikauzwa 70,000. Nitakuwa mnafiki nikisema haikusaidia. Ilisaidia sana. Mazao yote yakaingia, siyo mahindi na mpunga tu, na kamati ya vocha ikafa. Unajiandikisha kwa mtendaji na ekari zako, unapata namba, unakwenda kwa wakala, anakuingiza kwenye mfumo, unalipa bei ya ruzuku. Tofauti serikali inamalizana na kampuni ya mbolea baada ya mauzo kuonekana kwenye mfumo.

Pigeni hesabu kidogo. Ekari moja ya mahindi, mfuko wa DAP na mfuko wa Urea: kwa bei ile ya soko ni kama 255,000, kwa ruzuku ni 140,000. Serikali imekuwekea kama 115,000. Mwenye ekari kumi amewekewa milioni moja na zaidi. Mwenye nusu ekari hahitaji hata mfuko mzima, na akitaka wa kupimiwa kwa kilo anaangukia mfuko uliokwisha kufunguliwa ambao haumo kwenye mfumo na hajui umechanganywa na nini. Halafu kuna yule ambaye mwezi wa kumi na moja hana hata hiyo 140,000. Huyo serikali imemwekea sifuri. Jina lake limo, ekari zake zimo, namba yake ya siri iko kwenye kitochi. Anakuja mtu anamwambia, "Nipe namba yako nichukulie, nitakutoa kidogo."

Unaona? Ni mama yuleyule wa vocha, ila sasa hakuna wino.

Kwa nini hana hela? Kalenda ya huku Mbozi ni hii. Mahindi tunavuna kuanzia mwezi wa tano hadi wa saba, na hapo ndipo bei iko chini kuliko wakati wowote, maana kila mtu anauza. Mnunuzi anakuja na lumbesa yake, gunia linashonewa kofia juu, unauza debe saba kwa bei ya sita. Unalipa madeni ya palizi, unalipa mchango wa shule, kuna msiba, kuna harusi, bati mbili tatu. Mwezi wa tisa umebakiwa na chakula. Mvua zinashuka mwezi wa kumi na moja, mbolea ya kupandia inatakiwa siku hiyohiyo unayofukia mbegu, na wewe mkononi una simu na ahadi. Unaenda kausha damu. Unakopa kwa riba inayokula ruzuku yote na kitu juu.

Kwa hiyo hoja yangu ni moja tu. Mnaobishania mfumo mnabishania mlango, na mwenye shida hana nauli ya kufika mlangoni. Tuanze kuuza mbolea ya ruzuku mwezi wa saba, hela ikiwa bado mkononi. Mkulima alipe kidogokidogo kwenye namba yake, elfu ishirini leo, elfu thelathini akiuza maharage, hadi mwezi wa kumi mfuko wake umeshalipiwa na unajulikana ni wa nani. Karibuni tujadili.

---

Jembe Butu

Mkuu uzi umeshiba. Ila hapo kwenye "ameuza" umewapunguzia makali mawakala. Kuna vijiji watu hawakuwahi hata kuziona hizo vocha, majina yalisainiwa yote usiku mmoja kwa kalamu moja. Hiyo siyo kalenda, huo ni upigaji.

---

Mkulima wa Mlowo

Kaka nakubali ulikuwepo. Lakini upigaji wa kalamu moja unakamatwa, daftari linajieleza lenyewe. Wa mwembeni ulikuwa haukamatiki, kwa sababu sahihi ni ya mwenyewe kweli. Ndiyo maana huo ndio uliohamia kwenye mfumo mpya.

---

Wakala Mstaafu

Naomba na sisi tusemewe. Mnatutaja kama kundi la wezi.

Niliuza pembejeo wakati wa vocha. Kazi ilikuwa hivi: unachukua mzigo kwa muuzaji wa jumla, mara nyingi kwa mkopo, umeweka nyumba dhamana. Unausafirisha hadi kijijini, barabara ya mwezi wa kumi na mbili mnaijua. Mkulima anakupa nusu yake na vocha. Vocha unazipeleka zihakikiwe, kisha benki. Ilipofika misimu ya 2014/15 na 2015/16 malipo yakakwama. Miaka. Mkopo unazaa riba, wewe una mafungu ya karatasi. Baadaye ukaja uhakiki, ikaonekana kuna madai mengi ya hewa, na kweli yalikuwepo, siwezi kuwatetea wale. Lakini tuliopeleka mbolea ya kweli tukawekwa kapu moja na waliopeleka hewa. Kuna mwenzangu nyumba ilipigwa mnada.

Ndiyo maana ruzuku ya 2022 ilipokuja mawakala wa vijijini wengi walikaa pembeni. Mkaona foleni Vwawa na Mlowo, mtu anatoka kijijini na bodaboda, analala mjini kusubiri mfuko. Nauli ya bodaboda na mfuko juu inakula sehemu nzuri ya hiyo ruzuku. Mleta uzi hilo hukuligusa.

---

Mkulima wa Mlowo

Mzee shikamoo. Umenena, na linaingia kabisa kwenye hoja yangu. Msongamano wa Novemba unatokana na watu wote kutafuta mfuko ndani ya wiki tatu. Mauzo yakianza mwezi wa saba, wakala wa kijijini anajua mapema anahitaji mifuko mingapi, ameshaona malipo, hakopi kwa kubahatisha. Na wewe ungerudi kazini.

---

Wakala Mstaafu

Marahaba. Kurudi sirudi, mwanangu. Ila kwa mpango huo ningemruhusu kijana wangu.

---

Bibi Shamba

Mimi ni mjane, Ileje. Nachangia kidogo. Usajili ulipofanyika shamba la marehemu lilikuwa limeandikwa kwa jina la shemeji. Ekari zangu zikaenda kwake na namba ikaenda kwenye simu yake. Ananiletea mfuko mmoja, mwingine sijui. Hapo mwezi wa saba au wa kumi na moja kwangu ni sawasawa.

---

Jembe Butu

Pole sana dada. Huyu ndiye tunayesema mfumo unamwacha. Mleta uzi jibu hapa.

---

Mkulima wa Mlowo

Pole mama. Hapo sina ubishi, kalenda haitatui hilo. Taarifa za wakulima huwa zinahuishwa kabla ya msimu. Nenda kwa mtendaji wa kijiji na kitambulisho chako na laini iliyosajiliwa kwa jina lako, waambie unalima mwenyewe kipande chako. Anayesajiliwa ni mkulima anayelima, usikubali kuambiwa lete hati. Shemeji akileta ubishi, mwenyekiti wa kitongoji anajua nani anashika jembe pale. Nenda sasa, usisubiri kipindi cha foleni.

---

Mpakani

Tunduma hapa. Tusijifanye hatujui mbolea ya bei nusu iliishia wapi msimu ule wa kwanza. Ukiwa na bidhaa ya 70,000 upande huu na upande wa pili bei ni ya soko, usiku una miguu. Serikali yenyewe ilisema hadharani mbolea inavushwa kwenda Zambia na Malawi. Kwa baiskeli! Mifuko miwili nyuma, mmoja kwenye fremu. Na ile mifuko ilitoka kwenye namba za wakulima halali kabisa. Sasa mleta uzi ukianza kuuza mwezi wa saba, umewapa wavushaji miezi minne zaidi ya kazi.

---

Mkulima wa Mlowo

Swali zuri kuliko yote mpaka sasa. Jibu langu: unalipa mwezi wa saba, unachukua mwezi wa kumi mwishoni. Mfuko ukae ghalani kwenye kata, na AMCOS nyingi za kahawa, yaani vyama vya ushirika vya wakulima, huku kwetu zina maghala. Mwenye kulipa kwa kudunduliza elfu kumi kumi ana shamba linalomsubiri, huyo havushi. Anayevusha ni aliyenunua namba za watu ishirini siku moja kwa taslimu.

---

Mpakani

AMCOS tena? Hahaha. Umemkabidhi fisi bucha.

---

Mkulima wa Mlowo

Nimesema maghala, sijasema funguo.

---

Mkulima Kitale

Wadau, naingilia kutoka Trans Nzoia, kaunti ya mahindi huku Kenya. Mnayoyasema tunayaishi.

Huku tuliandikishwa na chifu na wazee wa kijiji. Ujumbe unaingia kwa simu, unaambiwa una magunia mangapi kulingana na ekari ulizoandikisha, unalipa kwa simu na kuchukua kwenye stoo ya bodi ya nafaka, NCPB. Septemba 2022 gunia la kilo 50 lilishushwa hadi sh 3,500, Agosti 2023 likawa 2,500. Bei safi. Shida ya kwanza ni stoo: mwenye ekari moja na nusu anapanda matatu kwenda Kitale, akifika anaambiwa ya kupandia imeisha, arudi wiki ijayo. Mwenye ekari mia ana lori lake na ana mtu wa kumpigia.

Shida ya pili ilikuja 2024. Wakulima walipanda na mbolea ya ruzuku, na ikabainika kuna magunia sokoni yaliyokuwa karibu vumbi la mawe. Kelele ikafika Bungeni, wabunge wakapiga kura kuanzisha mchakato wa kumng'oa waziri wa kilimo, kamati ikakaa, ikasema mashtaka hayakuthibitishwa. Serikali iliahidi kufidia waliouziwa. Lakini msimu haufidiwi, mahindi yakikosa mbolea wiki za kwanza yanabaki ya njano mpaka mwisho.

Kwa hiyo mleta uzi, ukilipia mwezi wa saba mfuko usiouona, ni nani atakuhakikishia kilichomo mwezi wa kumi?

---

Kitochi

Hapo Mkenya kagonga penyewe. Mimi silipii kitu sijakishika. Nilishalipia kiwanja.

---

Mkulima wa Mlowo

@Mkulima Kitale karibu sana ndugu. Kwenye ubora sina njia ya mkato, lakini angalia faida ya kukaa ghalani wiki kadhaa kabla ya kupanda: kuna muda wa mkaguzi kupita na kuchukua sampuli. Novemba mfuko unashushwa asubuhi na mchana uko ardhini. Ushahidi umeshafukiwa pamoja na mbegu.

---

Mnyiha wa Iowa

Nasoma nyuzi zenu nikiwa Marekani, nafanya kazi kwenye shamba la mahindi na soya. Nilete ya huku kidogo kwa sababu inafanana kwa namna ya kuchekesha.

Karibu kila kaunti yenye kilimo ina ofisi ya wizara inayohudumia wakulima, na juu ya ofisi kuna kamati ya wakulima wanaochaguliwa na wakulima wenzao kwa miaka mitatu mitatu. Kamati ya vocha kabisa! Tofauti ni kwamba hapa hawampi mtu mbolea wala punguzo. Bei ya mahindi au mapato yakishuka chini ya kiwango kilichowekwa kisheria, hela inaingia akaunti ya mkulima, na inaingia mwezi wa kumi wa mwaka unaofuata baada ya mavuno. Inahesabiwa kwa ekari za kumbukumbu za shamba, hivyo mkubwa anapata kikubwa. Sheria ya 2014 iliweka ukomo wa dola 125,000 kwa mtu kwa mwaka, ya 2018 ikauacha hapohapo, na familia zikajifunza haraka kuwa na "watu" wengi kwenye shamba moja. Kaka, mjomba, mpwa anayeishi mjini, wote wasimamizi wa shamba.

Lakini kuna jambo moja ningependa mlichukue. Majina na kiasi yako wazi. Kuna shirika linaitwa Environmental Working Group linazichukua kumbukumbu za serikali na kuziweka mtandaoni, unatafuta kaunti yako, unamwona jirani kapokea kiasi gani mwaka gani. Kanisani watu wanasalimiana huku wanajua. Haijazuia wakubwa kuchukua, ila hakuna anayeweza kusema hakupata.

---

Jembe Butu

Hiyo ya majina naitaka hata kesho. Karatasi ibandikwe ukutani ofisi ya kijiji: fulani, ekari tatu, mifuko sita, tarehe fulani, wakala fulani. Bibi Shamba angeona ekari zake ziko kwa nani siku ya kwanza.

---

Mkulima wa Mlowo

Hata vocha zilitakiwa zibandikwe. Kwetu zilibandikwa ndani ya ofisi, ofisi imefungwa. Lakini sasa ni rahisi, orodha tayari iko kwenye mfumo, mtendaji anachapisha tu. Na hapa @Mnyiha wa Iowa umenipa kitu: ukutani iandikwe pia tarehe ya kila malipo. Ukiona mtu mmoja wakala mmoja siku moja namba ishirini, hata balozi wa nyumba kumi atajua ni nini.

---

Kitochi

Mimi bado na swali la kijinga. Hao wa kudunduliza elfu kumi, hela inakaa wapi? Maana ikikaa kwa mtu, mnajua.

---

Wakala Mstaafu

Swali la kijinga ni lipi hapo? Hilo ndilo swali.

---

Mkulima wa Mlowo

Ikae kwenye namba ya malipo ya serikali, ileile tunayolipia ada na vibali. Ukilipa inakuja meseji, salio lako hilo, umebakiza kiasi hiki. Mtu asiguse, si wakala, si AMCOS, si mtendaji. Ukishindwa kumalizia hadi mwezi wa kumi unachukua kulingana na ulichofikisha. Umelipia Urea tu? Chukua Urea. Na ukipatwa na msiba mwezi wa tisa unaomba urudishiwe. Hapo kwenye kurudishiwa najua mtacheka.

---

Mpakani

Serikali irudishe hela? Umeandika vizuri mpaka hapo mkuu.

---

Mkulima wa Mlowo

Haya, ondoeni kurudishiwa. Iwe inahamia msimu ujao.

---

Bibi Shamba

Nimetoka kwa mtendaji. Ameniandika, ekari moja na robo, laini yangu. Amesema namba nitaipata kwa meseji. Shemeji bado hajajua. Nauliza, ile mifuko aliyokwisha chukua kwa ekari zangu msimu uliopita inahesabika kwangu au kwake?

---

Mkulima wa Mlowo

Hongera mama. Inabaki kwenye namba yake, wewe unaanza upya na haikupunguzii kitu. Ila hakikisha mtendaji amepunguza ekari zile kwenye jina lake, zisiwe zimesomeka kote kuwili, maana mfumo ukigundua unaweza kuwazuia nyote wawili. Mwombe akuonyeshe kwenye kishikwambi chake kabla hujaondoka.

---

Bibi Shamba

Nimesharudi nyumbani. Nitakwenda tena Jumatatu.